Tumbo linauma baada ya upasuaji: ultrasaundi, CT, MRI au kamera?

Mshono umekauka, antibiotiki zimekwisha, na kila anayekuja kukujulia hali anakwambia umenawiri. Wewe peke yako ndiye unayejua kwamba tumbo bado linauma. Umeshapewa dawa ya UTI, ya taifodi, ya minyoo, na ya vidonda vya tumbo juu yake. Ultrasaundi ilipigwa ikarudi safi. Sasa shemeji anasema CT (eksirei ya kompyuta inayoonyesha tumbo kipande kwa kipande) ndiyo inayoona kila kitu, jirani anasema MRI (picha inayopigwa kwa sumaku) ni bora kwa kuwa ni ghali zaidi, na kuna mtu kazini ambaye dada yake alipasuliwa tena kwa matundu madogo, akapona.

Hakuna kipimo kinachoona kila kitu. Kila kimoja kina maswali kinayoyajua, na ukikiuliza swali lisilo lake kitakujibu "kawaida" hata kama tatizo lipo. Ulinganisho huu ni kwa ajili ya mtu aliyefunguliwa tumbo, iwe ni kwa kujifungua, kutolewa kizazi, kidole tumbo kilichopasuka, mfuko wa nyongo, utumbo au ngiri, ambaye maumivu yake bado hayajapata jina.

Wasio na muda wa kulinganisha

Baadhi ya wasomaji waiache makala hapa waende hospitali leo, tena ile yenye daktari wa upasuaji. Ni wale wenye homa ya nyuzi 38 au zaidi, mapigo ya moyo yanayokimbia hata wakiwa wamelala, tumbo gumu kama ubao, matapishi ya kijani, macho ya manjano, choo cheusi au damu, kidonda kinachotoa usaha au maji yenye harufu ya choo, na wale ambao tumbo limejaa, hawapati choo wala hawatoi hewa. Swali ambalo wauguzi wa wodi ya upasuaji huuliza kila asubuhi, "Umeshatoa hewa?", si la utani. Utumbo ulioziba ukicheleweshwa hukosa damu na kuoza, na hapo kinachookoa ni saa, si kipimo kipi ni bora.

Vigezo vya kuchagulia

Cha kwanza ni muda uliopita tangu upasuaji, na kwangu hiki ndicho kizito kuliko vyote. Siku za mwanzo maumivu mengi hutoka kwenye kidonda chenyewe, gesi, na choo kigumu kinacholetwa na dawa kama tramado na mofini. Jambo la kuogopwa ni utumbo ulioungwa kuvuja. Kuanzia wiki ya kwanza hadi ya nne, jipu la ndani hupanda juu ya orodha. Miezi ikipita, zinakuja ngiri kwenye kovu, makovu ya ndani yanayoshikanisha utumbo, na mishipa ya fahamu iliyonaswa kwenye mshono. Maumivu yakidumu zaidi ya miezi mitatu bila sababu nyingine, yanaitwa maumivu sugu ya baada ya upasuaji, nayo yana matibabu yake.

Cha pili ni mahali na tabia ya maumivu. Je, unaweza kuonyesha kwa ncha ya kidole kimoja, au unazungusha kiganja chote? Yanakuja kwa mawimbi na tumbo kunguruma? Yanafuata chakula cha mafuta, hedhi, au kuinama kufua?

Cha tatu ni kilichofanyika ndani. Aliyetolewa mfuko wa nyongo na aliyetolewa kizazi hawatafuti kitu kimoja hata kama wote wanasema "tumbo". Ndiyo maana karatasi ya kuruhusiwa hospitali ina thamani kuliko rundo la majibu ya maabara. Kama huna, rudi uiombe.

Kisha kuna madhara ya kipimo, bei, umbali, na swali ambalo watu husahau kuliuliza: jibu likitoka, litabadilisha nini?

Mkono wa daktari na damu kidogo

Huu si ushindani wa mashine peke yake, kwa hiyo mkono nao upimwe kwa vigezo hivyohivyo.

*Unachoona.* Upo uchunguzi unaochukua dakika moja na hauna bei. Unalala chali, daktari anatafuta kwa kidole sehemu inayouma zaidi na kuibonyeza. Bila kuondoa kidole, anakuambia uinue kichwa na mabega kutoka kitandani kama mtu anayetaka kuamka, ili misuli ya tumbo ikaze. Maumivu yakipungua, chanzo huenda kiko ndani, kwa sababu misuli iliyokaza imekinga viungo. Yakibaki vilevile au yakizidi, chanzo kinaelekea kuwa kwenye ukuta wa tumbo wenyewe: mshipa wa fahamu, msuli, kovu au ngiri ndogo. Uchunguzi huu ulielezwa na daktari wa upasuaji wa Marekani, John Carnett, mwaka 1926, na bado haujachakaa. Akichoma ganzi kidogo mahali hapo na maumivu yakazima baada ya dakika chache, umepata jibu ambalo MRI ingekunyima.

Mwenye maumivu ya ukuta wa tumbo ndiye mgonjwa anayepotea zaidi kwenye mfumo. Mkato wa mlalo wa kujifungua kwa upasuaji unapita karibu na mishipa ya fahamu inayoshuka kuelekea kinena, na mmojawapo ukinaswa na uzi au kovu, mama ataumia kwenye pembe moja ya mshono kwa miezi huku kila picha ikirudi safi.

Damu na mkojo husaidia pia. Hesabu ya chembe za damu, kipimo cha kongosho, cha ini, cha figo, na kipimo cha mimba kwa mwanamke wa umri wa kuzaa. CRP ni protini inayopanda baada ya upasuaji wowote, hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, kisha hushuka. Ikikataa kushuka au ikapanda tena siku ya nne, madaktari huanza kuwaza jipu au uvujaji.

*Usichoona.* Jipu lililojificha kina, jiwe kwenye mrija wa nyongo, mrija wa mkojo uliofungwa.

*Mwili na mfuko.* Hauna madhara, na ni wa bei ndogo kuliko vyote. Shida ni kumpata daktari mwenye dakika kumi.

*Unamfaa nani.* Kila mtu, kabla ya mashine yoyote. Kama umepimwa mara tatu na hakuna aliyekugusa tumbo, kipimo unachokosa ni hiki.

Ultrasaundi

*Inachoona.* Maji, usaha na damu iliyokusanyika karibu na mshono, mabaki ndani ya kizazi baada ya kujifungua, mawe kwenye mfuko wa nyongo, na figo iliyovimba kwa sababu mrija wa mkojo umebanwa au kufungwa wakati wa kutoa kizazi. Ina faida nyingine ambayo haitumiki inavyostahili: inaona tumbo likitembea. Ngiri ya kovu inaweza kutoweka kabisa ukilala, ikajitokeza ukisimama na kukohoa. Mwambie mpimaji, kwa heshima, "Naomba unipime pia nikiwa nimesimama, nikohoe." Wengi hukubali, lakini wachache hufanya bila kuombwa.

*Isichoona.* Gesi ni adui yake. Utumbo uliojaa hewa hufunika kilicho nyuma, na baada ya upasuaji utumbo hujaa hewa. Unene nao hupunguza uwezo wake, na bandeji huzuia kifaa kugusa ngozi. Makovu ya ndani haiyaonyeshi waziwazi. Jiwe lililobaki sehemu ya chini ya mrija wa nyongo mara nyingi hulikosa. Huishia kuona mrija umepanuka. Zaidi ya hapo, majibu yanategemea sana mkono na jicho la mpimaji, kwa hiyo "ultrasaundi ilikuwa safi" maana yake inategemea ni nani aliyepima na alikuwa anatafuta nini.

*Mwili na mfuko.* Haina mionzi, ni salama kwa mjamzito na anayenyonyesha, inapatikana hadi hospitali za wilaya na vituo vingi vya afya. Kwa nyongo utaambiwa ukae na njaa saa sita hadi nane. Kwa nyonga utaambiwa unywe maji kibofu kijae.

*Inamfaa nani.* Mama aliyejifungua kwa upasuaji, mwenye uvimbe kwenye mshono, mwenye maumivu chini ya mbavu za kulia, mwenye maumivu ya kiunoni baada ya kutolewa kizazi.

(Eksirei ya kawaida niitaje kwa ufupi. Inasaidia pale utumbo unaposhukiwa kuziba, na inaweza kuonyesha gozi (kitambaa cha kufyonza damu) iliyosahaulika, maana gozi za upasuaji hufumwa na uzi unaoonekana kwenye eksirei. Hilo la gozi ndilo watu huwaza kwanza, ingawa ni nadra. Lakini hewa iliyoonekana tumboni siku chache baada ya kufunguliwa tumbo haimaanishi utumbo umetoboka. Hewa ya upasuaji wenyewe inaweza kukaa humo wiki nzima.)

CT

*Inachoona.* Katika wiki za mwanzo, hii ndiyo kazi yake hasa. Jipu lililo kina, uvujaji kwenye maungio ya utumbo, damu, kongosho lililovimba, na utumbo ulioziba pamoja na mahali penyewe ulipobanwa. Kwa aliyeachwa na makovu ya ndani haionyeshi nyuzi za kovu zenyewe, ila huonyesha utumbo uliopanuka upande mmoja na uliosinyaa upande wa pili, na daktari wa upasuaji akishaona hapo hahitaji maelezo mengi. Jipu likionekana, mara nyingi linaweza kutolewa usaha kwa mrija mwembamba unaoongozwa na picha, bila kufungua tumbo upya.

*Isichoona.* Mshipa wa fahamu ulionaswa, vidonda vidogo vya tumbo, mawe ya nyongo ya aina fulani, na makovu ya ndani ambayo hayajaziba kitu. Kupigwa mapema sana nako kuna hasara. Siku mbili tatu baada ya upasuaji, maji na hewa kidogo tumboni ni vya kawaida, na ni vigumu kuvitofautisha na mwanzo wa jipu. Mgonjwa asiye na dalili za hatari anaweza kupata jibu zuri zaidi akisubiri hadi karibu na mwisho wa wiki ya kwanza. Mwenye dalili za hatari hasubiri.

*Mwili na mfuko.* Mionzi ipo. CT moja ya tumbo na nyonga inakaribia kiasi ambacho mtu hupata kutoka kwenye mazingira ya kawaida kwa miaka mitatu hivi au minne. Si sababu ya kuikataa ukiihitaji, ila ni sababu ya kutoirudia kila mwezi kwa maumivu yaleyale. Kuna pia dawa ya kontrasti inayochomwa mshipani ili picha ing'ae. Ikiingia, joto linapanda kooni na kushuka hadi kwenye kinena, na wengi hudhani wamejikojolea. Hujajikojolea, na hupita ndani ya dakika moja. Kabla ya hapo figo zipimwe. Sema pia kama una kisukari na unatumia metformini, kama umewahi kupata mzio wa dawa hiyo, au kama unaweza kuwa mjamzito. Mama anayenyonyesha hana haja ya kukamua na kumwaga maziwa: kinachoingia kwenye maziwa ni kidogo mno, na miongozo ya wataalamu wa picha inamruhusu aendelee kunyonyesha.

Bei yake huzidi ya ultrasaundi mara kadhaa. Uliza mapema kama bima yako inailipia na kama inadai rufaa au kibali kwanza, maana watu hufunga safari hadi mjini wakarudishwa kwa kukosa karatasi moja.

*Inamfaa nani.* Mwenye homa isiyoelezeka wiki ya pili baada ya upasuaji, mwenye mawimbi ya maumivu na kutapika, aliyeungwa utumbo, na yule ambaye ultrasaundi yake "ilizibwa na gesi".

MRI

*Inachoona.* Mirija ya nyongo na ya kongosho, bila kuchoma kitu: jiwe lililosahaulika baada ya kutolewa mfuko wa nyongo, au mrija uliobanwa na klipu, yaani kibanio kidogo kilichoachwa ndani wakati wa upasuaji. Nyonga ya mwanamke huiona vizuri sana, pamoja na endometriosisi (nyama kama ya ukuta wa ndani wa kizazi inayoota nje ya kizazi) iliyojipanda kwenye kovu. Hii ya mwisho ina sura yake: kinundu kigumu pembeni ya mshono wa kujifungua, kinachouma na kuvimba hedhi inapokaribia, kisha kinatulia. Mwanamke mwenye historia hiyo anastahili kusikilizwa kabla ya kupewa antibiotiki za mara ya tano. Ultrasaundi nzuri ya ngozi na misuli inaweza kukiona pia, na MRI inaonyesha kimeingia kina gani kabla ya kukatwa.

*Isichoona.* Kwa dharura si rafiki. Inachukua nusu saa au zaidi, na utumbo unaotembea huchafua picha. Makovu ya ndani, tena, huyaona kwa shida. Vipo vituo vichache duniani vinavyopiga MRI ya utumbo ukitembea ili kuyatafuta, lakini usitegemee kuikuta kwenye hospitali ya mkoa.

*Mwili na mfuko.* Hakuna mionzi, na mjamzito anaweza kupimwa bila dawa ya kontrasti. Unaingizwa kwenye tundu jembamba lenye kelele za kugongagonga, unavaa vizibo vya masikio, unaambiwa ushike pumzi mara kwa mara. Anayeogopa mahali pa kubana aseme mapema. Klipu nyingi zinazotumika kwenye upasuaji siku hizi hazizuii MRI, lakini mashine ya moyo na vipande vya chuma mwilini lazima vitajwe kabla ya kuingia mlangoni. Kwa bei na kwa uhaba wa mashine, hapa Afrika Mashariki ndiyo ya mwisho kwenye foleni.

*Inamfaa nani.* Aliyetolewa nyongo akabaki na maumivu na vipimo vya ini vilivyopanda. Mwenye maumivu yanayofuata hedhi. Mjamzito ambaye ultrasaundi haikutosha.

Kamera: ya mdomoni na ya matundu

Hizi ni mbili tofauti na watu huzichanganya. Endoskopi inapita mdomoni hadi tumboni bila mkato. Laparoskopi ni upasuaji kamili kwa matundu madogo, chini ya nusu kaputi.

*Zinachoona.* Endoskopi inaona vidonda, na baada ya upasuaji hilo si jambo dogo, kwa sababu wagonjwa wengi hurudi nyumbani na dawa za maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni, zinazoweza kuleta vidonda hivyo, na kuzimeza kwa wiki nyingi. Anayeungua juu ya kitovu huenda haumwi na upasuaji, anaumwa na dawa ya upasuaji. Laparoskopi ndiyo pekee inayoyaona makovu ya ndani kwa macho, na inaweza kuchukua kipande cha nyama kupimwa. Kwa kwetu hilo lina uzito, maana kifua kikuu cha tumbo bado kipo na huiga magonjwa mengi.

*Zisichoona.* Endoskopi haioni chochote nje ya ukuta wa tumbo la chakula na utumbo inaopita. Laparoskopi haioni ndani ya viungo wala mishipa ya fahamu iliyo ndani ya kovu. Na kuona kovu la ndani si sawa na kuona chanzo cha maumivu. Watu wengi waliofunguliwa tumbo wana makovu hayo na hawaumwi. Uholanzi kulifanyika utafiti uliochapishwa mwaka 2003: wagonjwa 100 wenye maumivu sugu ya tumbo na makovu ya ndani waliwekewa kamera, nusu hivi wakakatwa makovu, wengine wakaangaliwa tu, na wenyewe hawakuambiwa nani yupo kundi gani. Baada ya mwaka makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu, bila tofauti ya maana kati yao. Anayekuahidi kwamba akikata "mishikamano", yaani makovu hayo ya ndani, maumivu yataisha, muulize kuhusu hilo.

*Mwili na mfuko.* Endoskopi ni njaa ya usiku mmoja, dawa ya kupuliza kooni na dakika chache za kero. Laparoskopi ina gharama ya upasuaji, maumivu ya bega kwa siku moja mbili kutokana na gesi inayojazwa tumboni, na hatari ya kutoboa utumbo ulioganda kwenye ukuta. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa aliyewahi kufunguliwa, yaani wewe. Na kila upasuaji unaweza kupanda makovu mapya.

*Zinawafaa nani.* Endoskopi: mwenye kiungulia, aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo la chakula, aliyetumia dawa za maumivu muda mrefu. Laparoskopi: mwenye utumbo unaoziba kila mara, anayeshukiwa kifua kikuu cha tumbo au endometriosisi ambayo picha zimeshindwa kuionyesha.

Ukiwa katika hali hii, anzia hapa

Upo ndani ya mwezi wa kwanza, una homa au unazidi kuumwa badala ya kupata nafuu: damu na CT, na ultrasaundi ikiwa CT iko mbali. Kama umejifungua kwa upasuaji, ultrasaundi itangulie, maana kizazi na mshono inavifikia vizuri.

Imepita miezi, maumivu yanakuja na kuondoka, tumbo linajaa kisha linaachia: jitahidi upigwe CT siku linapouma. Siku ya nafuu picha inaweza isionyeshe kitu.

Unaweza kuonyesha kwa kidole kimoja: kwanza ule uchunguzi wa kuinua kichwa, kisha sindano ya ganzi, na ultrasaundi ya ukuta wa tumbo ukiwa umesimama. CT isubiri.

Umetolewa mfuko wa nyongo na maumivu ni yaleyale ya zamani: vipimo vya ini na ultrasaundi, halafu MRI ya mirija ya nyongo kama mojawapo ina dosari. Kama ini na mrija viko sawa, fikiria endoskopi. Pengine tangu mwanzo haikuwa nyongo.

Huna uwezo wa zaidi ya kipimo kimoja kwa sasa: usikinunue dirishani mwenyewe. Lipia muda wa daktari wa upasuaji akuguse kwanza, kisha umwombe aandike kwenye fomu zaidi ya "maumivu ya tumbo". Fomu nzuri ina aina ya upasuaji, tarehe yake, mahali panapouma, na kinachoshukiwa. Mtaalamu wa picha akisoma "kujifungua kwa upasuaji wiki tatu, homa, maumivu kulia chini, jipu?" anatafuta kitu kwenye picha ileile ambayo bila maelezo angeiita ya kawaida.

Vipimo vyote viko safi na miezi imepita: usikubali kuambiwa ni mawazo. Omba rufaa kwa daktari anayeshughulikia maumivu, au mtaalamu wa ganzi katika hospitali ya rufaa. Zipo dawa za mishipa ya fahamu kama amitriptilini kwa dozi ndogo, sindano za kurudiwa kwenye kovu, na mazoezi ya tiba kwa misuli ya tumbo. Na unapokwenda kwa daktari mpya, chukua CD ya picha zenyewe pamoja na ripoti. Ripoti inamwonyesha kilichotafutwa. Picha anaweza kuziangalia upya akiwa na swali jingine.